Nimestaafu ualimu, nimenunua miwani mikubwa, sasa watoto wanaona haya

Somo, shikamoo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Tanga, umri wangu miaka 61. Mume wangu alitangulia mbele ya haki zamani. Watoto ni wawili, wa kiume yuko Dar es Salaam na wa kike Arusha, wote wana kazi na familia zao, alhamdulillahi. Shida yangu si njaa wala maradhi. Ni shida ambayo nikiwaeleza majirani wanacheka, ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Sikukuu ya Iddi binti yangu alikuja na wajukuu. Usiku tumeshakula, watoto wamelala, akanionyesha kwenye simu video za bibi mmoja wa Kimarekani anaitwa Iris Apfel. Somo, ile simu niliishika mpaka chaji ikaisha. Bibi nywele nyeupe pee, mdomo mwekundu, miwani ya duara imefunika nusu ya uso. Bangili zimepanda kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, shanga shingoni tabaka juu ya tabaka, na juu ya yote hayo mcheshi. Binti akanieleza kwamba umaarufu ulimjia akiwa ameshavuka miaka 80, na kampuni ya wanamitindo ilimpa mkataba akiwa na miaka 97. Tisini na saba! Mimi hapa na 61 yangu nimeshaanza kuulizwa kama nimenunua sanda.

Mimi kuvaa napenda tangu usichana. Wanafunzi walikuwa wakiniita Mwalimu Doti, wakidhani sijui. Mshahara wa mwalimu unaufahamu, lakini mishono nilikuwa nachora mwenyewe ndipo nampelekea fundi, na vipande vinavyobaki sikuwahi kumwachia hata kimoja. Vipande hivyo nilitengenezea zana za kufundishia. Herufi, wanyama, sehemu za ua, ramani ya mkoa. Natumia maboksi, viroba, vizibo vya soda, kanga zilizochakaa, gundi ya unga wa muhogo. Ikisikika kwamba wakaguzi wanakuja, walimu wenzangu walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwangu kuazima picha za kubandika ukutani.

Nilipostaafu mikono ikakosa kazi. Nikaanza kubandika picha nyumbani, sasa si za darasani tena, ni za mambo ninayoyaona tu. Watoto wanacheza rede. Mama muuza samaki. Kituo cha mabasi mvua inanyesha. Zimejaa nyuma ya kabati, na tatu nimekutumia uzione. Nilipomwona yule bibi nikapata nguvu. Nikanunua miwani mikubwa ya fremu nyekundu, nikatoa bangili za marehemu mama yangu ambazo nilikuwa nazifungia tu sandukuni, nikawa natoka nazo. Mtandio ninao kichwani, gauni refu, sijavuka mpaka wowote. Nikasema moyoni, mimi sasa ni msanii.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwanangu wa kiume alikuja akaniangalia, akaniambia, "Mama, watu wanaongea. Wewe ni mtu wa heshima zako, na hela ya mkupuo ya kustaafu ikae kwenye kitu cha maana." Ana mpango wa bajaji mbili ambazo atazisimamia yeye mwenyewe. Wifi yangu naye, kwenye maulidi, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mtu mzima hovyo." Wanawake wakacheka, na mimi nikajitia kucheka nao. Binti yangu yuko kinyume chao. Anataka anirekodi nikijipamba, aniweke TikTok kwa jina la Bibi Fashion, anasema matangazo yatakuja yenyewe. Ila ananishauri niache kubandika makaratasi, eti hayapendezi kwenye kamera.

Sasa niambie. Nimechelewa? Je, ninaiga Wazungu uzeeni? Kuna chumba cha duka kinapangishwa barabarani karibu na kwangu, nikichukue kwa hela ya mkupuo niweke picha zangu? Na wanangu niwaambie nini?

Mwalimu mstaafu, Tanga

*

Marahaba, Mwalimu.

Nianze na picha zako, maana barua za watoto kuwaonea haya wazazi wao napata nyingi, lakini hakuna iliyowahi kuja na picha kama hizi.

Ya kituo cha mabasi sikuipenda. Umejaza watu mpaka jicho halipati pa kutua, na ile mvua ya vipande vya nailoni imefunika nyuso ulizozikata kwa taabu. Ya rede ni nzuri. Ya mama muuza samaki ndiyo iliyonikalisha kitako. Nimeikuza kwenye simu nikaiangalia pembe kwa pembe. Magamba ya samaki ni ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara (umeipata wapi, Mwalimu, sikuulizi), umeikata ndogondogo, ukapandanisha, na kila gamba umeliinamisha kidogo ili mwanga usiangukie pamoja. Ukingo wa beseni ni pindo la kanga. Na kwenye kanga aliyojifunga huyo mama umeyaacha maneno ya jina, lakini umeyakatia njiani, mtazamaji anaambulia "SIKU" tu, hajui ni siku gani na imefanya nini. Hilo hukulipata kwenye video ya mtu yeyote.

Sasa tuzungumze kuhusu huyo bibi, kwa sababu video za dakika moja zina tabia ya kuanza hadithi mwishoni.

Iris Apfel alizaliwa Astoria, mtaa wa Queens mjini New York, mwaka 1921. Mama yake alikuwa na duka la nguo, na upande wa baba biashara yao ilikuwa vioo. Alisoma historia ya sanaa. Mwaka 1950 yeye na mumewe, Carl, walianzisha kampuni ya vitambaa iliyoitwa Old World Weavers. Kazi yao ilikuwa kutengeneza upya vitambaa vya zamani, vile vya makochi na mapazia ya majumba ya kale, na kwa ajili hiyo wakawa wanazunguka dunia kutafuta viwanda na wafumaji wanaojua bado kufuma kama zamani. Ikulu ya Marekani ilikuwa mteja wao chini ya marais tisa. Kampuni hiyo waliiendesha hadi mwaka 1992. Katika safari hizo zote yeye alikuwa akiingia masokoni, ananunua kidani hapa, joho kule, anarudi navyo nyumbani, anavivaa, anavitunza. Alivaa vile vile unavyomwona, miaka nenda miaka rudi, na nje ya watu wa kazi yake hakuna aliyemjua.

Mwaka 2005 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York likaonyesha nguo na vidani vyake. Alikuwa na miaka 84. Baada ya hapo ndipo mambo yakafuatana: vipodozi vya MAC mwaka 2012, mwanasesere wa Barbie mwenye sura yake mwaka 2018, mkataba wa IMG mwaka 2019 ambao binti yako alikusimulia. Mwenyewe akajitania kwa kujiita nyota ajuza. Akafariki tarehe 1 Machi 2024 akiwa na miaka 102.

Hesabu mwenyewe, wewe ni mwalimu. Kabla ya ule mlango kufunguliwa alikuwa ameshatumia zaidi ya nusu karne akitazama vitambaa, akivishika, akibishana bei, akijifunza rangi ipi inakaa na ipi. Akiba haiozi. Wale wa makumbusho hawakuja kumfanya msanii, walikuta kabati limejaa. Na tuseme kweli: hela ilikuwepo, biashara ilikuwepo, mume aliyempenda na kumwacha avae atakavyo alikuwepo. Yeye na mumewe hawakujaliwa watoto, kwa hiyo pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia "Mama, watu wanaongea."

Kwa hiyo miwani uliyonunua ni kitu cha mwisho kabisa katika hadithi yake. Ivae, Mwalimu, sikuambii uivue. Ila usidhani ndiyo iliyompeleka kule. Wewe una kabati lako lililojaa, na umelijaza kwa kazi ambayo hukuwahi kuiita sanaa kwa sababu ilikuwa kwenye ratiba ya Jumatatu mpaka Ijumaa. Kila herufi uliyoikata ukaibandika ukutani ili mtoto aliyekaa dawati la nyuma aione, ulikuwa unajifunza jambo ambalo wachoraji wengi hawalijui: umbo lionekane kwa mbali, rangi zisigombane, kitu kimoja tu kiseme. Ndiyo maana samaki wako wamefanikiwa, na kituo cha mabasi, ulipojisahau ukataka kusema kila kitu, kimeshindikana.

Ukitaka mtu wa kumtazama nakupa mwalimu mwenzako. Rosemary Karuga alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928. Kati ya mwaka 1950 na 1952 alisomea sanaa Makerere, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuisomea pale. Ungedhani angetoka hapo awe msanii mkubwa moja kwa moja. Alirudi Kenya akawa mwalimu. Akafundisha, akalea, miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa amekaribia umri wako huu huu, akairudia sanaa, na rangi za kununua zikawa ghali. Akachukua mkasi. Akakata makaratasi ya sabuni ya Rexona na pakiti za unga, vipande vidogo vidogo, akavibandika vikawa wanawake wa kijijini, ndege na wanyama. Rangi zote zilikuwa zimeshalipiwa na aliyenunua sabuni.

Mwaka 1987 akakaribishwa kufanyia kazi Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi kilichoanzishwa na Elimo Njau na wenzake, na Njau ni mtu wa Marangu, kwa hiyo sisi Watanzania tuna mkono wetu humo. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York, katika jumba la Studio Museum la Harlem, pamoja na za wasanii wa Afrika Magharibi akina El Anatsui na Bruce Onobrakpeya. Katika wasanii wote wa maonyesho yale mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 92.

Nimeitazama picha yako ya samaki nikamkumbuka, na naamini hukuwa umewahi kulisikia jina lake. Mtafute. Usimwige, maana mmefanana kiasi kwamba mtu anaweza kusema umeiba. Tofauti yako ni kanga. Yeye alikaa na karatasi, wewe una kitambaa chenye maneno, na maneno ya kanga kila mwanamke wa Pwani anajua yanavyouma. Baki hapo.

Umeniuliza kama unaiga Wazungu. Tangu lini mwanamke wa Tanga akasubiri ruhusa ya New York ajipambe? Bi Kidude wa Unguja, Fatuma binti Baraka, alizunguka Ulaya na ngoma yake akiwa bibi kizee kwelikweli, kanga kiunoni na sigara mkononi, akapewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, mwaka ule ule Metropolitan walipokuwa wakitundika vidani vya Apfel. Hakuna aliyethubutu kumwambia anaiga. Bangili za mama yako ulizirithi, hukuziagiza mtandaoni. Na kuhusu kuchelewa, muulize mchoraji Tingatinga. Alipitia mashamba ya mkonge ya kwenu Tanga kabla hajaenda Dar, akachora kwa rangi za baiskeli kwa miaka michache tu, akafa mwaka 1972 akiwa na miaka 40. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Umri haukuwa kipimo kwake, na kwako usiufanye kipimo.

Sasa hela. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Chumba cha duka usichukue. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita au mwaka mkononi, utalipa, utapanga picha zako vizuri, halafu utakaa humo na feni ukiangalia bodaboda zinapita. Wapita njia wa mtaani kwako wanatafuta vocha na mkate. Wanaosema chema chajiuza hawajawahi kuuza picha. Karuga alihitaji Paa ya Paa, Apfel alihitaji makumbusho. Wewe nawe unahitaji mahali ambapo watu wameshakuja kutazama. Anza hapo hapo Tanga, kwenye makumbusho ya Urithi, pale Boma la zamani: nenda na picha nne zilizo bora, muone mhusika, uliza kama wanapokea kazi za wenyeji. Ukienda Dar kumtembelea mwanao, pita Nafasi Art Space, Mikocheni, na Alliance Française, wote hao huonyesha kazi za wasanii. Waulize pia BASATA, baraza la sanaa la taifa, utaratibu wa kusajiliwa. Karatasi zako ziwe sawa kabla hajaja mtu kukuuliza. Kukataliwa kupo. Utakataliwa mara nyingine kwa sababu ya nafasi, mara nyingine kwa sababu ya kijana wa mapokezi ambaye ataona bibi mwenye boksi adhani umeleta vitafunwa.

Mkupuo usiguse, si kwa chumba cha duka wala kwa bajaji. Kuhusu kikokotoo cha mafao sitaki hata kuanza, ukurasa hautatosha. Kile ulichopewa ni bati likivuja, ni goti likikataa, ni safari ya ghafla ya Muhimbili. Sanaa yako uilishe kwa kiasi kidogo kutoka kwenye pensheni ya mwezi. Habari njema ni kwamba yenyewe haili sana, malighafi unaokota.

Kitu kimoja tu ununue: gundi. Uji wa muhogo ulitosha darasani kwa sababu zana ikimaliza muhula imefanya kazi yake. Kwa hali ya hewa ya Tanga, picha ya muhogo italiwa na mende na kuota ukungu kabla hujapata mteja. Tumia gundi nyeupe ya maseremala, uizimue kwa maji kidogo, upake chini ya kipande na juu yake pia, ikikauka inakuwa haionekani. Achana na maboksi kama msingi, yanajikunja. Mwambie seremala akukatie plaiwudi nyembamba. Picha zisikae mahali jua linapopiga moja kwa moja, kwa sababu rangi za pakiti zimetengenezwa zidumu dukani, hazikutengenezwa zidumu ukutani. Zile za nyuma ya kabati zitoe leo, zikae zimesimama, hewa ipite.

Mwanao wa kiume. Nimeisoma ile sentensi yake mara ya pili. Alianza na heshima yako akamalizia na mkupuo, bila hata kupumua. Pengine haya anaona kweli, vijana wa kiume wengi wanapenda mama abaki vile walivyomwacha walipokwenda mjini. Lakini hayo ni mambo mawili, na wewe usikubali yajadiliwe kwenye kikao kimoja. Siku ya kwanza zungumza naye kuhusu hela, kwa upole na kwa ufupi: mwanangu, hizo ni za uzeeni mwangu, nisije nikawa mzigo kwako na kwa mkeo. Bajaji akakope kwenye SACCOS ya kazini kwake. Ukitaka kumsaidia kama mama, mpe kiasi ambacho kikipotea hutalia, na muandikishane. Siku nyingine ndipo umwonyeshe picha. Usimwambie wewe ni msanii. Mpe ile ya rede aitazame, kwa sababu nahisi mmoja wa wale watoto ni yeye, yule mwenye kaptula ya kiraka aliyekwepa mpira. Kama nimekosea, basi mtengenezee ambayo yumo.

Binti yako ana akili ya biashara na ana nia njema, ila ameshika upande usiofaa. Apfel alipendwa na kamera, ni kweli, lakini kamera ilikuta kitu cha kutazama. Bibi anayejipamba tu, watu watacheka wiki moja kisha watahamia kwa mwingine. Bibi mwenye bangili hadi kiwikoni anayekata magamba ya samaki kwenye karatasi ya sigara, hapo mtu anasimama. Kwa hiyo mkubalie kwa masharti. Akaunti iwe kwa namba yako ya simu. Jina la Bibi Fashion aliweke kando, unalo lako ulilopewa bure na wanafunzi: Mwalimu Doti. Kamera ikae kwenye mikono kwanza, uso baadaye. Na matangazo yakija, kila karatasi uisome mwenyewe kabla ya kusaini, na mtu akikuletea krimu za kung'arisha ngozi mfukuze, hata kama anakulipa vizuri. Anayesema kubandika hakupendezi kwenye kamera hajawahi kurekodi kwa mwanga wa saa kumi na moja jioni. Mwambie ajaribu.

Huyo wifi sikuona sababu ya kumjibu kwa mdomo. Kwa kina mama wa Pwani jibu la wifi hununuliwa dukani, doti nzima, ukavaa kwenye maulidi yanayofuata. Hilo nakuachia, nina hakika unajua duka la kwenda.

Mwisho, kazi ya nyumbani. Geuza kila picha, uandike nyuma kwa kalamu isiyofutika jina lako kamili, mwaka, na vitu ulivyotumia. Ipige picha kabla haijatoka mlangoni, na ununue daftari la kuandika nani amechukua ipi na kwa bei gani. Jirani akiomba bure, mwambie ni ya kuazima. Ile ya mama muuza samaki usiiuze kwa sasa hata ukipata mteja, maana ukialikwa kuonyesha ndiyo itakayotangulia. Ya kituo cha mabasi ibandue uokoe zile nyuso, ni nzuri, zinatosha kuwa picha tatu tofauti.

Somo